Misumari Mitatu ya Lusahunga

Ernesta hakuwahi kuajiriwa na posta. Alikuwa mpishi wa chai katika mgahawa wa kijiji cha Lusahunga, pale malori yanapopumzika, na kama kuna faili lolote serikalini lenye jina lake, basi ni la kisomo cha watu wazima. Hata hivyo, kwa miaka sita hivi, kuanzia operesheni ya vijiji mpaka vita vya Kagera vilipokwisha, barua za watu wa Ngara na Biharamulo zilipita mikononi mwake, na kila moja aliiamulia njia ya kutokea. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale, nimetoka chuoni karibuni, na kijiji kilinipa chumba katika nyumba yake. Ndiyo maana nayajua haya.

Kabla ya mwaka 1974 watu wa huku waliishi mbalimbali, kila mji na migomba yake au malisho yake. Bahasha iliandikwa jina la mtu na jina la kilima, pembeni pakaandikwa "kwa mkono wa dereva", na ilifika. Kisha ikaja operesheni. Katika kiangazi kimoja watu walihamishiwa kandokando ya barabara, na vilima vikabaki na majina yasiyo na watu. Ernesta naye alihamishwa, yeye na mume wake Protasi, kutoka bondeni, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Protasi alikufa kabla mahindi ya kwanza ya kijiji hayajaiva. Kila alipoulizwa habari hiyo, Ernesta aliisema kwa sentensi moja, kisha akauliza kama chai iongezwe.

Madereva waliendelea kupewa barua. Hawakujua tena pa kuzishusha, wakawa wanaziacha kwenye benchi la mgahawa, na zikajaa debe. Ernesta ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma. Kitabu cha kisomo alikuwa amekimaliza, kwa hiyo akasoma bahasha. Hakufungua hata moja. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, na akaona jambo ambalo sisi tuliosoma zaidi yake hatukuliona.

"Mwalimu," aliniambia siku za mwanzo, akichambua maharage, "barua ina majina mawili. Jina la mbele ni swali. Jina la nyuma ni jibu."

Sikuelewa, akanieleza taratibu. Jina la mbele ni la mtu anayetafutwa, na hakuna ajuaye alipo. Lakini jina la nyuma ni la mtu aliyetuma, na huyo yuko huko huko barua ilikotoka. Lori likija kutoka Ngara na barua ya mzee Methusela, basi Methusela yuko njia ya Ngara. Huna haja ya kumwuliza mtu. Kesho ikija barua ya kumtafuta Methusela, unaielekeza Ngara.

Njia za kutoka Lusahunga ni tatu. Moja inakwenda Biharamulo, na mbele yake Bukoba na Mwanza. Moja inakwenda Ngara mpaka Rusumo. Ya tatu inashuka Nyakanazi, ambako wengine huelekea Kibondo na wengine Kahama, lakini pale mgahawani yote hiyo iliitwa njia ya Kahama. Ernesta alipigilia misumari mitatu ukutani, upande wa pili wa meko, mmoja kwa kila njia. Alikata maboksi ya sigara vipande vidogo, kila kipande jina moja na mwezi, akavitoboa na kuvitungika. Barua ikifika, kwanza aligeuza nyuma. Kipande cha mtumaji kilitungikwa kwenye msumari wa njia ambayo lori lilitokea, mbele ya vingine vyote. Mtu huyo akituma tena kutoka njia nyingine, kipande kilihama msumari. Ndipo Ernesta alipotazama jina la mbele, akalitafuta ukutani, na barua ikawekwa kwenye kikapu cha njia ile.

Hakuandika kijiji wala nyumba. Hakujua mtu alipo. Alijua upande, na upande ulimtosha, kwa sababu mbele ya safari kulikuwa na mikono mingine.

Jina likikosekana ukutani, kazi ilikuwa yangu. Barua ilibaki mgahawani, nami niliandika vikaratasi: "Fulani, popote ulipo, barua yako iko Lusahunga kwa Ernesta. Imetoka kwa fulani." Vikaratasi hivyo vilitumwa njia zote, isipokuwa ile njia ambayo barua iliingilia. Mtu akikipata, alijibu kwa karatasi yenye jina lake, na jibu lile lenyewe ndilo lililotuonyesha msumari wake.

Niliwahi kumwuliza kwa nini tusitume pia njia ileile barua ilikotoka.

"Itafute nini huko?" alisema. "Watu wa njia moja wanajuana. Angekuwa huko, barua isingefika hapa kwangu."

Niliona ni akili timamu. Kila mtu aliona hivyo. Tulikulia mahali ambapo mgonjwa wa kilima cha pili alijulikana kabla ya chakula cha mchana.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hiyo aliipata kwa hasara. Mzee Methusela alikaa kwenye msumari wa Ngara mwaka mzima, kumbe alikuwa amekwisha kuhamia kwa binti yake, njia ya Kahama, na hakuwa na cha kuandika. Barua zake tisa zilikifuata kipande, zikaishia kwenye ghala moja Rulenge, zikaliwa na panya. Tangu hapo, kipande kikitimiza miezi sita bila kuguswa, Ernesta alikitoa na kukitia motoni.

"Kipande cha zamani ni kibaya kuliko ukuta mtupu," alisema. "Ukuta mtupu unakulazimisha uulize."

Novemba 1978 wanamgambo walichukuliwa kwa malori. Walipita Lusahunga siku tatu mfululizo, wakisimama kunywa maji, wakielekea Biharamulo na kaskazini. Baada ya wiki mbili tatu barua zao za kwanza zilianza kurudi. Ernesta alihamisha vipande. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, kutoka msumari wa Ngara kwenda msumari wa Biharamulo, kutoka wa Kahama kwenda wa Biharamulo. Kufikia Krismasi msumari ule ulikuwa umeinama kwa uzito, akaupigilia upya kwa jiwe.

Kimoja cha vipande vile kiliandikwa Ansbert. Huyu alikuwa mkulima wa Mabawe, wilaya ya Ngara, mwenye mke, Restituta, na watoto wawili. Barua yake ya mwisho ilipita Februari 1979. Restituta alimwandikia Machi, Aprili, Juni, na zote Ernesta alizielekeza Biharamulo kwa kufuata kipande. Hakuna jibu lililorudi. Vita vilikwisha. Wengine walianza kurejea, wakishuka kwenye malori mbele ya mgahawa, wakinywa chai bila kuongea, wakipanda tena. Vipande vyao havikuhama, maana mtu anayekwenda nyumbani haandiki barua.

Agosti miezi sita ilitimia. Ernesta alikitoa kipande cha Ansbert, akakishika kidogo, akakitia motoni.

"Sijasema amekufa," aliniambia, kwa kuwa nilikuwa namtazama. "Nimesema sijui."

Barua ya Restituta ya mwezi ule haikuwa na msumari wa kwendea. Niliandika vikaratasi viwili, kimoja cha Biharamulo na kimoja cha Kahama.

Cha Kahama hakikuleta kitu. Cha Biharamulo kilirudi Oktoba, na kilirudi kwa njia ya Kahama. Kilikuwa kimezunguka nchi. Juu yake palijaa miandiko ya watu nisiowajua: hayupo Geita, hayupo Mwanza, jaribu Shinyanga, Shinyanga hayupo. Kila aliyekipokea alikuwa amefanya kama sisi, akakisukuma mbele. Nyuma yake lilikuwapo jina la Restituta, na Ernesta, kwa mazoea, alikitoa kipande cha Restituta kwenye msumari wa Ngara akakitungika Kahama. Siku mbili nzima Restituta wa Mabawe alikuwa mtu wa Kahama. Siku ya tatu Ernesta aliutambua mwandiko wangu kwenye karatasi, akakirudisha kipande mahali pake.

"Karatasi ikizunguka inaanza kusema uongo," alisema.

Restituta mwenyewe alifika katikati ya Novemba, juu ya lori, kichwa kimefungwa kanga iliyopauka. Ulikuwa mchana wa mvua nyembamba. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ndani, utalowa. Nani wewe?"

"Restituta. Wa Mabawe."

Ernesta aligeuka, akatazama ukuta, kisha akamtazama yule mwanamke kama mtu anayelinganisha picha. "Ah. Wewe ni wa msumari wa Ngara. Nilidhani umri wako ni mkubwa zaidi. Kaa."

Alikaa, akaeleza shida yake kwa sauti ileile moja, kama mtoto anayesoma ubaoni. Theonest, kaka wa mume wake, alikuwa amekata shauri. Matanga ya Ansbert yangefanyika Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Kwa kuwa mwili haupo, wangezika shina la mgomba. Baada ya hapo yeye angeingia nyumbani kwa Theonest kama mke wa pili, au angerudi kwa baba yake na kuwaacha watoto.

"Theonest si mtu mbaya," alisema. "Anasema miezi tisa inatosha kungoja. Lakini wakishazika, mama, ndiyo basi. Mtu aliyezikwa haingii tena kwenye ile nyumba, hata akirudi na miguu yake. Ndivyo ilivyo kwetu."

"Hata kwetu," alisema Ernesta.

"Nimekuja kukuuliza ulituma wapi."

"Biharamulo na Kahama."

"Na kwetu?"

"Kwenu ndiko barua ilikotoka. Angekuwa njia yenu, ungejua."

Restituta alifikiri. "Ni kweli," alisema. "Ningejua."

Hakukuwa na lori la kurudi. Dizeli ilikuwa adimu, magari yalipita kwa kubahatisha. Restituta alibaki kwetu, akaosha vikombe bila kuombwa, akakaa kwenye benchi akitazama misumari. Siku ya kwanza ikapita. Sikumwona akilia. Alikula alichopewa na kusema asante.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, lori lilifika kutoka Ngara. Dereva wake alikuwa Bulugu, Msukuma mnene wa Shinyanga, mtani wa Ernesta. Alikuja kupakia mahindi ya ghala la wilaya na angegeuza asubuhi.

"Mama Posta," alisema akiinama mlangoni, "chai yako bado ni maji ya kuoshea vikombe?"

"Bado. Na leo sukari hakuna, utaisikia ladha yake vizuri."

"Basi nipe mbili, nife upesi. Haya, chukua mzigo wako. Si wangu wote. Mwenzangu kavunjika springi njiani, kanipa na fungu lake."

Alitupa mezani barua kama ishirini zilizofungwa kwa kamba ya katani. Ernesta alifungua kamba, akaanza kuzigeuza. Nyuma kwanza. Theonest mmoja wa Rulenge, si yule wa Mabawe. Scholastika. Genoveva, ambaye huandika kila wiki. Kisha mkono wake ukasimama.

Alichukua kipande kipya cha boksi, akaandika polepole kwa herufi zake kubwa, akakitoboa kwa msumari wa viatu, akakitungika kwenye msumari wa Ngara. Kikaning'inia mbele kabisa. Nyuma yake, kwa vipande vinne au vitano, kilikuwapo cha Restituta.

Restituta alikuwa ameketi akitazama ukuta. Alikisoma.

"Kina Ansbert wamejaa nchi nzima," alisema Ernesta kabla hajaulizwa. "Wapo wengi. Njoo utazame mwandiko."

Restituta aliichukua bahasha kwa mikono miwili. Aliipeleka karibu na mlango, kwenye mwanga. Mbele ilikuwa imeandikwa: Ndassa, Kahama. Nyuma jina moja tu, bila kijiji, bila sanduku la posta.

"A yake ina mguu mrefu," alisema. "Ni yeye. Na Ndassa alikuwa naye vitani. Alimtaja kwenye ile barua ya Februari."

Bulugu aliacha kunywa. "Hii katoa wapi mwenzangu?" alijiuliza. "Yeye huokota barua popote, hata kwenye kizuizi cha barabara kuna kopo watu wanatia. Siwezi kujua."

"Iliingilia njia gani?" Ernesta aliuliza, ingawa alijua.

"Ngara, mama. Mimi natoka Ngara. Ningeingilia mbinguni?"

Restituta alikuwa ameshaingiza kucha chini ya gundi ya bahasha. Ernesta alinyosha mkono.

"Si yako, mwanangu. Ni ya Ndassa."

"Ni ya mume wangu."

"Ameshaituma. Sasa ni ya Ndassa." Hakupandisha sauti. "Na huihitaji ya ndani. Ya nje imekwisha kusema. Yu hai, na yuko njia yenu."

Nilidhani Restituta angeichana. Aliishika kwa muda mrefu, mvua ikipiga bati. Kisha akairudisha mezani, na Ernesta akaitia kwenye kikapu cha Kahama, pamoja na nyingine.

"Njia yetu," alisema Restituta. "Miezi yote hii."

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema Ernesta. "Nimemtafuta kila mahali isipokuwa alipo." Alitazama benchi, akatazama vikombe. "Na kutoka kaskazini kwenda Ngara hakuna njia isiyopita hapa. Amekaa humu ndani. Amekunywa chai yangu. Mimi najua majina tu, sura sizijui."

Bulugu aliomba kikombe chake cha pili.

Asubuhi Restituta aliketi mbele, karibu na Bulugu, kwenye lori la mahindi. Walikubaliana kwamba angeshuka kila mahali penye watu, hata kama ni vibanda viwili, aulize, na Bulugu amngoje. Kutoka Lusahunga mpaka Ngara ni zaidi ya kilomita mia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano kabla ya matanga.

Bulugu alirudi baada ya siku nne. Alikaa, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza hakuanza na utani.

"Tumesimama mara kumi na moja," alisema. "Ya kumi na moja ni kambi ya barabara, wale wanaochimba kokoto. Haijafika hata mwendo wa siku moja kwa mguu kutoka kwao Mabawe. Nikamwambia, mama, hapa kuna wanaume tu, wa mikoa mingine, usijisumbue. Akashuka. Nami nikashuka kunyosha mgongo."

"Ehe."

"Mume alikuwa amekaa kwenye toroli iliyopinduliwa, anamenya kiazi. Mwanamke kasimama mbele yake. Nilijua patakuwa na kilio, nikarudi nyuma kidogo. Hakuna aliyelia. Kamwuliza, 'Unafanya nini hapa?' Jamaa akasema, 'Napumzika kidogo kabla sijafika.'"

"Tangu lini?" Ernesta aliuliza.

"Tangu Julai. Wenzake wanasema hana neno, anafanya kazi vizuri. Mke akamwambia, 'Wanakuzika Jumamosi ya wiki ijayo.' Akamaliza kumenya kiazi chake. Kisha akasimama akapanda gari. Akapanda nyuma, kwenye magunia."

"Hakukaa mbele na mke wake?"

"Mke naye alipanda nyuma. Mimi nimeendesha peke yangu mpaka Mabawe kama nimebeba mahindi tu."

Ernesta aliondoka kwenda kuchochea moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri.

Wiki iliyofuata barua ya Theonest ilipita. Mbele haikuwa na jina la mtu mmoja. Ilikuwa imeandikwa "Kwa ndugu wote wa ukoo, popote walipo", bila kufungwa, ili kila mtu asome. Ilisema matanga hayapo, watu wasije, Ansbert ameonekana na yuko kwake, anakula, haongei sana. Barua ya namna hiyo haina msumari. Niliinakili mara mbili, ya Biharamulo na ya Kahama, nikaweka kalamu chini.

"Andika na ya Ngara," alisema Ernesta.

"Imetoka Ngara."

"Andika."

Tangu siku ile vikaratasi vyote vilitumwa njia zote tatu. Madereva walilalamika kwamba tunawabebesha mzigo wa bure, wanarudisha karatasi walikozitoa. Ernesta aliwasikiliza, akawapa chai, akaziweka karatasi mikononi mwao. Hakuitetea kazi hiyo hata mara moja.

Hatukupata habari nyingine ya Mabawe. Mwanzo wa kila mwezi Ernesta aligeuza vipande vya nyuma kusoma tarehe. Cha Restituta na cha Ansbert vilikuwa vinasogea nyuma kuelekea ukutani kila wengine walipoandika, Genoveva akiwa mbele siku zote. Aprili 1980 cha Restituta kilitimiza miezi sita. Nilimwona Ernesta akikisoma, akihesabu kwa vidole, akikiacha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiiacha sheria yake. Mei kilitimia cha Ansbert. Siku hiyo alivitoa vyote viwili.

"Wameacha kuandika," nilisema.

"Wanaokaa nyumba moja wataandikiana nini?"

Alivitia motoni pamoja, akangoja mpaka vikaisha, halafu akaniuliza kama chai iongezwe.